Mwalimu Amekataa Ombi Lako

Kwanza niseme wazi, mimi sikwenda pale kuchekwa. Nilialikwa. Binti yangu mwenyewe, mtoto wa kumzaa, alisimama mlangoni kwangu na mswaki mdomoni akasema, "Baba, kesho uje kazini kwangu. Tunaisuka upya programu, tunataka walimu watusaidie." Watusaidie! Mtu akikwambia hivyo wewe utaelewa nini? Mimi nilielewa kwamba kampuni yao, baada ya kujaza vijana wasiojua hata kushika chaki, imeona haya na sasa inamwita mwalimu.

Programu yenyewe ni hii ya simu, inayowakutanisha wanafunzi na walimu wa kuwafundisha nje ya darasa. Mwanafunzi anaona picha yako na somo lako, anakuandikia, unamjibu, mnaanza kuonana kwa kamera. Binti yangu ndiye mbunifu mkuu. Kila kitufe unachobonyeza, rangi yake na mahali kilipokaa, amekipanga yeye na watu wake. Ndiye aliyeniingiza humo nilipostaafu na kuhamia kwake, baada ya mama yake kufariki. Nadhani alichoka kuniona nikizunguka sebuleni nikisahihisha Kiswahili cha watangazaji wa televisheni.

Wanafunzi niliwapata, na nikawapoteza. Sipindishi maneno: nina mdomo. Mzazi mmoja alilalamika kwamba nimemwita mwanawe boga. Alikuwa boga, ningemwitaje? Basi wakaondoka mmoja mmoja, wakaniachia nyota mbili chini ya picha yangu na mwanafunzi mmoja tu.

Huyo mmoja nilimbatiza Desimali. Ni mwanamke mtu mzima, mshona nguo katika kiwanda cha sare, mwenye watoto wakubwa kiasi cha kumcheka akifungua daftari. Alitaka kuingia chuo cha uuguzi, chuo kikataka hesabu, na hesabu zilikuwa zimeshamwangusha mara mbili. Shida yake ilikuwa nukta. Kuzidisha anajua, kugawanya anajua, halafu mwishoni nukta anaidondosha popote, kama mtu anayetia chumvi gizani. "Wewe," namwambia, "utampa mgonjwa dawa mara kumi ya kipimo chake, azikwe, halafu uje kuniambia samahani mwalimu, nilisahau nukta." Wiki ya kwanza alikuwa anazima kamera. Nasikia kamasi zikivutwa. Nasubiri. Kamera inawaka tena, macho mekundu, kalamu mkononi.

Huyo hakuondoka. Kila siku alasiri akitoka zamu, kabla hata hajavua aproni, ujumbe wake unaingia: "Mwalimu, niko tayari kutukanwa." Na mimi nakuwa nimekwishakaa mezani, nimenyoa, nimevaa shati la kola.

Nilimpenda yule mwanamke jinsi mwalimu anavyompenda mwanafunzi, yaani sikumwambia. Mtihani wake ulikuwa umekaribia. Asubuhi nikiamka nilimfikiria yeye na nukta yake kabla sijakumbuka kwamba upande wa pili wa kitanda hakuna mtu. Akipita yeye, nimepita mimi. Sikuwa na kingine, na hilo nalisema bila haya. Tena binti alishanionya tukila: katika programu mpya, mwalimu asiye na mwanafunzi hata mmoja anafutwa. "Bahati yako una Desimali wako," akasema. "Mshike vizuri." Alimjua kwa hilo jina. Alijua hata wakati wa ujumbe wake, kwa sababu wakati huo nyumbani kwake hakuna aliyeruhusiwa kuniita, hata yeye mwenye nyumba.

Basi nikaenda mchana, nikiamini alasiri nitakuwa nimerudi mezani kwangu. Nilivaa koti langu la mahafali, nikafunga tai, nikatia mfukoni karatasi yenye maoni yangu juu ya namna ya kufundisha hesabu za sehemu, maana hapo ndipo watoto wengi wanapovunjikia.

Ofisi yao ina milango ya vioo na viti laini vya rangi za peremende, na watu wazima wanatembea na soksi. Nilipoingia wote waliinuka. "Shikamoo mzee!" Marahaba, marahaba. Nikaletewa kahawa katika kikombe cha karatasi. Na nikaona jinsi wanavyomwita binti yangu. "Bosi, samahani." "Bosi, uliangalie hili ukipata nafasi." Akipita, mtu anakaa sawa kwenye kiti. Kichwa kikanivimba, sikatai. Nikasema moyoni, hii ni kazi ya mikono yangu.

Tukaingia chumba kidogo chenye meza, viti viwili na kamera iliyoning'inia juu ya meza, ikitazama chini. Mtu wa kamera alikuwa na ndevu mpaka kifuani, kwa hiyo nitamwita Ndevu. Akanieleza bila kunificha kitu. Mimi nitapewa simu yenye programu mpya, binti yangu atakaa pembeni yangu ananiambia fanya hiki, fanya kile, na wenzake watakaa chumba cha pili wakitazama vidole vyangu kwenye televisheni, wapate kuona watu wanakwama wapi. Na sharti lao kubwa ni moja: aliyekaa na wewe hakusaidii. Hata ukwame namna gani. Ukiuliza swali, anakurudishia swali. "Akikusaidia," Ndevu akasema, "jaribio limeharibika, mzee. Hatutajua kosa letu liko wapi."

Nikafurahi mno. "Hiyo ni kanuni yangu!" nikasema. "Nimefundisha hivyo maisha yangu yote! Mtu ubaoni hasaidiwi!"

Wale wa chumba cha pili walikuwa bado wamesimama mlangoni na vikombe vyao. Dada mmoja mwenye miwani akauliza, "Mzee, kwani ulikuwa mkali kama bosi?"

Jamani, si ameuliza mwenyewe? Nikageuza kiti. "Huyu bosi wenu mnayemwogopa," nikawaambia, "nilimfundisha mimi, darasa langu mwenyewe. Siku moja nikamwita ubaoni ajumlishe sehemu mbili. Akakwama. Akanigeukia, Baba hapa nafanyaje? Nikamwambia humu ndani sina mtoto, na nikamuuliza, wewe unaonaje? Nikarudi kukaa. Kengele ikalia, wenzake wakatoka kucheza, yeye yuko pale na chaki. Baadaye natazama chini, loh! Sakafu imelowa! Mtoto amejikojolea, na jibu hajapata!"

Walivunjika mbavu. Ndevu kahawa ikamtokea puani. Nami nikiona watu wanacheka siwezi kunyamaza, ndivyo nilivyo, nikaongeza: "Shule nzima wakamwita Bomba mpaka anamaliza!"

"Bomba!" akadakia yule dada wa miwani, kisha akajiziba mdomo.

Binti yangu naye alicheka. Alicheka kwa meno. Nilimwona akifungua kalamu na kuifunga, akiifungua na kuifunga. Mimi nikadhani anaona fahari, maana mtu aliyetoka huko akafika hapa ana haki ya kuona fahari.

Ndevu akafuta uso, akainua simu. "Bosi, nimwekee akaunti ya majaribio?"

"Hapana," akasema. "Atumie yake."

"Yake ya kweli kabisa?"

"Ameizoea. Iunganishe."

Ndevu akamwangalia kidogo, akainua mabega, akaunganisha. Wenzake wakaenda chumba chao, mlango ukafungwa. Tukabaki mimi na mwanangu na ile kamera.

Akanisomea maneno yao kutoka kwenye karatasi, sauti imenyooka kama ya mtangazaji wa stesheni. "Si wewe tunayekujaribu. Tunajaribu programu. Hakuna jibu la kosa. Sema kwa sauti kila unachofikiri."

"Kabla hatujaanza," nikasema, nikitoa karatasi yangu, "nina maoni kuhusu sehemu."

"Baada ya jaribio, Baba."

Sikuulizwa tena. Ile karatasi iko kwenye koti mpaka leo.

Akaniambia nitafute picha yangu niibadilishe. Kazi gani hiyo? Katika programu ya zamani picha yako iko juu, unaibonyeza, basi. Katika hii mpya hapakuwa na kitu. Palikuwa na weupe. Weupe mtupu kama ukuta wa hospitali, na chini vijialama vitatu vyembamba, ambavyo kimoja kilifanana na uma na kingine na yai. Nikauliza, "Hapa ndipo penyewe?" Akasema, "Wewe ungetarajia iwe wapi?" Nikabonyeza yai. Ikaja kalenda. Nikabonyeza uma, nikarudi kwenye weupe. Kile cha zamani cha bahasha, ambacho ndicho nilichokifungua kila siku kumsoma Desimali, hakipo. "Bahasha mmeipeleka wapi?" "Wewe ungeitafuta wapi?"

Ukutani nikasikia kicheko. Ukuta wa mbao nyembamba ule. Shingo ikaanza kunitoka jasho ndani ya tai. Nikamwambia binti yangu, "Nimekwama." Akaandika kitu kwenye karatasi yake. "Unaandika nini?" "Endelea tu, Baba, unafanya vizuri sana." Na mimi nawajua watu wanaosema unafanya vizuri sana.

Hapo simu ikalia.

Si kulia kwa kawaida, ni kengele mpya waliyoitunga, ya kukatisha pumzi. Skrini nzima ikajaa kadi, na kwenye kadi picha ya Desimali na aproni yake, na chini yake duara linalopungua, linaliwa polepole kama biskuti. Nilifurahi, Mungu anajua. "Alaa! Na yeye mmemtia kwenye mchezo!" nikasema. Nilidhani wamechukua picha yake wakaiweka kama mfano, kama vile kwenye mtihani tunavyoandika Juma ana maembe.

Binti yangu akasema, "Mwanafunzi amekuomba kipindi cha leo. Fanya unavyofanya siku zote."

"Kitufe kiko wapi?"

"Wewe unaonaje?"

Nikainua macho. Ile sauti niliijua. Ilikuwa yangu, hata kile kituo kabla ya "unaonaje" kilikuwa changu. Yeye hakunitazama, alitazama duara.

Nikaitazama ile kadi. Haina kitufe, haina neno, ina pembe zilizokunjwa kidogo kama karatasi. Basi nikafanya kitu ambacho mkono wangu unakijua kuliko kichwa changu. Nimesahihisha madaftari tangu sijaoa. Nikalamba kidole gumba, nikaifunua ile karatasi kama unavyofunua ukurasa wa daftari, toka kulia kwenda kushoto.

Ikafunuka! Ikaondoka vizuri kabisa. "Ehee!" nikasema, nikaipiga meza. "Mnaona? Mkongwe huyo!"

Ukutani kiti kikaburutwa.

Ukaja ukurasa mwingine. Juu palikuwa na kijistari cha maandishi ya kijivu juu ya weupe, madogo kama vumbi, ndiyo fasheni yao hiyo. Sikukisoma, hata wewe usingekisoma. Chini yake maneno meusi, manene, yamepangwa kuchaguliwa: Sina muda. Hajitumi. Uwezo wake ni mdogo. Sababu nyingine.

Nikajua moja kwa moja. Ripoti! Nimeandika ripoti za wanafunzi miaka yote, nani atanifundisha ripoti? Nikauliza kwa ajili ya kamera tu, "Hapa wanataka nimweleze mwanafunzi wangu, siyo?"

"Wewe unaonaje, Baba?"

Basi nikafikiri kwa sauti kama nilivyoagizwa. Nikasema, "Hajitumi ni uongo, huyu anajituma kuliko nyinyi nyote mlioko huko nyuma. Muda ninao. Inabaki uwezo." Na mimi simsifu mtu kabla ya mtihani, ukimsifu anabweteka, nimeona mabweteko mengi. Nikabonyeza: Uwezo wake ni mdogo. Pakatokea Tuma.

Nilipopeleka kidole pale, mkono wa binti yangu uliinuka juu ya meza. Nilidhani anafuata kikombe chake. Ulifika karibu na simu, ukasimama, ukarudi ukashuka chini ya meza, ukakaa mapajani na mwenzake.

Nikatuma.

Mlango ukafunguliwa, Ndevu akaingia mbio na soksi zake akateleza. "Bosi, lile ombi ni la kweli. Limemfikia mtu kweli."

"Najua," akasema binti yangu.

"Lipi limemfikia nani?" nikauliza. "Nyie! Lipi?"

Ndevu akanisomea kutoka kwenye kompyuta yake, sauti ya chini, kama mtu anayesoma kwenye msiba. Kulia ni kukubali. Kushoto ni kukataa, na yale maandishi ya kijivu yaliuliza sababu ya kukataa. Desimali ameandikiwa hivi: Mwalimu amekataa ombi lako. Sababu: uwezo wako ni mdogo. Usivunjike moyo, tunakutafutia mwalimu mwingine.

Nilimwona, jamani. Nilimwona amesimama nje ya kiwanda na aproni yake, anasoma. Nikaikamata simu nimwandikie. Hapakuwa na pa kuandikia, ukishamkataa mtu mazungumzo yenu yanafungwa. Namba yake sina. Aliwahi kutaka kunipa, eti tusaidiane hata usipokuwepo mtandao, nikamkemea kwamba kanuni zinakataza kupeana namba. Nilimkemea mimi, kwa mdomo wangu huu.

Ndevu akasema, "Bosi, naweza kumtafuta kwenye mfumo. Tumweleze kwamba lilikuwa jaribio. Ni dakika tu."

Binti yangu akafungua mdomo. Na mimi nakuapia, alikuwa anakwenda kusema ndiyo. Niliona uso wake umelegea, ukawa ule wa utotoni. Lakini damu ilikuwa imenipanda mpaka kwenye masikio, na ulimi wangu haujawahi kunisubiri. Nikasimama nikapiga ngumi ile meza.

"Ulijua! Ulikaa hapo unaniangalia, Bomba wee! Bomba!"

Wenzake, waliokuwa wamemfuata Ndevu mpaka mlangoni, wote walisikia. Safari hii hakucheka mtu.

Uso wake ukafunga. Akakusanya karatasi zake, akazigonga mezani zikae sawa. "Taarifa za mwanafunzi ni siri," akamwambia Ndevu. "Hatumtafuti mtu nje ya utaratibu. Zima kamera." Kisha akanigeukia, na ile sauti ya stesheni: "Asante kwa kuja, Baba. Umetusaidia sana."

Mimi si mtu wa kukaa nikalia. Siku iliyofuata nilikwenda kwenye kiwanda cha sare, nikasimama nje ya geti mpaka zamu ikatoka. Wanatoka wanawake mia, aproni zile zile, vitambaa vile vile, wamechoka namna ile ile. Kwenye kamera nilizoea kumwona kichwa na daftari, tena taa yao ilikuwa mbovu. Nikamtafuta kwa macho, sikumwona. Nikaita, "Desimali!" Wanageuka, wananicheka. "Babu, unamtafuta nani?" Jina lake la kweli silijui. Kwenye programu alijiandika Mama Wawili, na mimi sikumuuliza, nilikuwa nimeshampa langu. Nikasema, "Namtafuta anayesoma hesabu." Mmoja akasema, "Hapa nani ana akili ya hesabu, babu?" wakaondoka wakicheka. Nikarudi tena kesho yake, na kesho kutwa. Siku ya tatu mlinzi akanishika kiwiko, akanivusha barabara kwa adabu sana.

Nyumbani hatukusemeshana. Mwishowe nilishindwa mimi. Alikuwa jikoni anaosha vyombo, amenipa kisogo.

"Ungeniambia neno moja tu," nikamwambia. "Kulia. Neno moja."

"Nilikuwa kazini."

"Ulifanya makusudi."

Akazima maji. "Ndiyo," akasema. "Nilipowaambia waunganishe akaunti yako, nilifanya makusudi. Nilitaka ukwame mbele yao kwa kitu unachokipenda. Kwamba ungebonyeza yale maneno, hilo sikulijua, Baba. Ningejuaje? Ungeweza kubonyeza sababu nyingine. Ungeweza kusema sijui." Akageuka, mikono imejaa povu. "Nilikaa pale nangoja uniangalie kama mtoto wako uniambie, mwanangu, nisaidie. Si kwa kamera. Mimi nilikwambia siku ile ubaoni. Nilikwambia Baba."

"Ule ulikuwa utani tu. Niliwachekesha watu wako."

"Mpaka leo kazini wananiita Bomba, unajua? Wanadhani sisikii."

Nilitaka kumwambia pole. Badala yake nikamwambia ile sehemu ilikuwa rahisi, nusu na robo, mtoto yeyote angeipata. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Akafungua maji tena.

Mtihani ukafika, ukapita. Programu mpya ikatoka. Siku moja binti yangu akaja sebuleni, akaketi kwenye mkono wa kochi, akanionyesha simu yake. "Tumebadilisha," akasema. "Walimu wengi wa umri wako walifunua kushoto kama wewe. Angalia." Sasa kuna vitufe viwili, kimoja cha kijani kimeandikwa Kubali, kingine chekundu kimeandikwa Kataa, vikubwa kama vibao vya barabarani. Na yale ya kijivu yamekuwa meusi, manene, kipofu angeyasoma. "Ni kwa sababu yako, Baba. Video yako tuliionyesha kwenye mkutano mkuu." Nikamuuliza kama walicheka. Akasema mwanzoni.

Kisha akasema, "Halafu umepata maoni. Mwanafunzi wako wa mwisho amekuandikia."

Sikuwa na miwani. Akasoma yeye.

"Nampa nyota zote tano. Walimu wengine wote waliniambia nitaweza, nikaingia mtihani mara mbili nikaaibika. Mwalimu huyu peke yake ndiye aliyeniambia ukweli, tena mapema. Siku zote alikuwa mkali lakini hakuwahi kunidanganya, kwa hiyo aliposema sina uwezo nilimwamini. Mtihani sikwenda. Madaftari nimewapa watoto wachoree. Asante mwalimu, Mungu akuzidishie."

Alisoma mpaka mwisho bila kukosea hata koma. Alipomaliza sauti yake haikuwa ya stesheni tena, na midomo ilikuwa inamcheza. Tulikaa hivyo, televisheni inaongea peke yake.

Nyota tano zile zimeniokoa nisifutwe, tena zimenipandisha. Siku hizi ukitafuta mwalimu wa hesabu, picha yangu inatokea juu, na chini yake maneno ya Desimali, kila mtu ayasome. Jana alasiri, wakati ule ule wake, nikiwa mezani na shati la kola kwa mazoea, simu ikalia. Kadi. Picha ya msichana simjui, ana uso wa woga. Ameandika: "Nimesoma maoni. Nataka mwalimu atakayeniambia kama sina uwezo, niache kujisumbua."

Kijani kile pale, chekundu kile pale. Duara linaliwa.

Binti yangu alikuwa mlangoni, sijui alikuja lini, mswaki mkononi. "Kitufe hukioni?" akauliza.

"Nakiona."

"Basi unangoja nini?"

Kidole kilikuwa kimeinuka, nimekilamba bila kujua. Nikamgeukia. "Mwanangu," nikasema, "nifanyeje?"

Akanitazama muda mrefu. Niliona anataka kusema, na niliona hasemi. Akasimama pale pale mlangoni mpaka duara likaisha na simu ikanyamaza yenyewe, halafu akaenda kusuuza mdomo.